Kakamega, Sokoke au Shimba: uchague msitu upi ukitokea Kisumu

Shule zikikaribia kufungwa, mjadala huwa ule ule katika nyumba nyingi za huku Kisumu, Vihiga na hata Nakuru. Pesa kidogo za kutembea zipo, watoto wanataka kuona wanyama, na mbuga zenye simba ama zimeshaonekana ama gharama yake haishikiki. Mtu mmoja anasema, basi twende msituni. Msitu upi? Hapo mazungumzo hukwama, kwa sababu Kakamega wengi tunaijua kwa jina tu, na misitu ya pwani tunaipita tukiwa ndani ya basi huku macho yakitafuta bahari.

Ninailinganisha hapa misitu mitatu: wa Kakamega, wa Arabuko-Sokoke ulio kati ya Kilifi na Malindi, na wa Shimba Hills ulio juu ya mji wa Kwale. Nimeitembea yote na ninaipenda yote. Lakini haifanani hata kidogo, na anayeingia mmoja akiwa na picha ya mwingine kichwani hurudi amenuna bila sababu.

Msimamo wangu niutoe mapema. Ikiwa unaishi magharibi na hujawahi kukanyaga Kakamega, anza na Kakamega, wala usihangaike na tiketi ya Mombasa. Ikiwa Kakamega umeshaizoea na safari ya pwani imepangwa, punguza siku mbili za ufuo uzipe Sokoke. Shimba ni ya familia yenye watoto ambao bila tembo wanaona hawajasafiri.

Kwa nini haifanani

Msitu wa Kakamega ni kipande cha mwisho, upande wa mashariki, cha msitu mkubwa wa mvua wa Kongo. Zamani, hali ya hewa ilipokuwa ya unyevu zaidi, miti ile ilienea kutoka Kongo ikapita Uganda hadi huku kwetu. Ukame ulipokuja, na baadaye majembe na mashoka, ikabaki visiwa: Budongo na Mabira kule Uganda, Kakamega hapa Kenya. Ndiyo maana ndege na nyani wengi unaowaona Isecheno, upande wa kusini wa msitu huo, wana ndugu zao Uganda na Kongo, na ndani ya Kenya huwapati kwingine au unawapata kwa shida.

Misitu ya pwani ina asili nyingine. Ni sehemu ya ukanda mwembamba unaofuata Bahari ya Hindi kutoka kusini mwa Somalia hadi Msumbiji. Kati ya ukanda huo na misitu ya Kongo pana nchi kavu, ile ya Tsavo na nyika yake, iliyowatenga viumbe wa pande hizi mbili kwa mamilioni ya miaka. Waliotengwa pwani wakawa aina zao wenyewe. Kwa hiyo Kakamega ni nyumba ya pembeni kabisa ya ukoo mkubwa, na Sokoke ni ukoo mdogo ambao ukifa kwake, umekwisha duniani.

Tofauti hiyo inaongoza mengine yote. Anayetaka wingi, ukubwa wa miti na kelele za uhai aende Kakamega. Anayetaka kuona kiumbe ambaye hapatikani penginepo aende Sokoke.

Mvua nayo inasema. Kakamega iko juu, kati ya mita 1,500 na 1,700 hivi kutoka usawa wa bahari, na hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Sokoke, ambayo watu huiita msitu wa mvua kwa mazoea, hupata milimita 600 upande wake wa kaskazini magharibi na kufika 1,100 hivi upande unaoelekea baharini. Ni msitu mkavu. Ukiingia mwezi wa Februari utakuta majani yameanguka, ardhi inalia chini ya viatu, na joto linakubana kutoka saa tatu asubuhi. Shimba iko katikati: vilima vyake vinafika mita 450 hivi, vinadaka ukungu na upepo wa bahari, na kunapoa kuliko Mombasa kwa kiasi cha kukufanya ushukuru.

Kakamega: masikio kwanza

Lala ndani au pembeni ya msitu, usije asubuhi kutoka Kisumu. Hili nalisisitiza kwa kila anayeniuliza, kwa sababu Kakamega nzuri kabisa ni ya saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa tatu. Kabla ya mwanga, mbega huanza kunguruma. Dume mmoja anaanza, wa kundi la pili anamjibu, na sauti inatembea juu ya miti kutoka bonde hadi bonde. Kisha hondohondo wanapita wawili wawili, na mabawa yao yanavuma kwa nguvu kiasi kwamba unainua kichwa kabla hujawaona.

Halafu kuna yule shorobo mkubwa wa buluu, mwenye kishungi cheusi kichwani na mdomo wa manjano wenye ncha nyekundu, urefu wake ukifika sentimita 70 na zaidi. Haruki vizuri. Anapanda tawi kwa tawi akikimbia kwa miguu, anafika juu kabisa, kisha anajitupa hewani na kuteleza hadi mti wa pili. Watoto wanamkumbuka huyu kuliko nyani wote.

Nyani wenyewe, upande wa Isecheno, wamezoea watu. Utawaona mbega, kima, na yule mdogo mwenye mkia mwekundu na doa jeupe puani. Wa nne, De Brazza mwenye ndevu nyeupe na paji la rangi ya machungwa, ni wa kutafutwa katika kipande cha Kisere kaskazini, na hata huko anajificha. Kasuku wa kijivu walikuwa wengi. Sasa wamebaki wachache sana, na usije kwa ajili yao.

Ndege wamehesabiwa zaidi ya aina 300, na vipepeo zaidi ya 400. Lakini ningekusihi usitazame juu tu. Omba mwelekezi akuoneshe mkuyu wa ile aina inayonyonga miti. Mbegu yake huangushwa na ndege au nyani kwenye panda la mti mwingine. Inaota huko huko juu, inashusha mizizi myembamba hadi chini, mizizi inanenepa, inashikana, inauzingira mti uliouhifadhi. Miaka inapita, mti wa ndani unakufa na kuoza, na mkuyu unabaki umesimama ukiwa na uwazi katikati. Katika mikubwa, unaweza kuingiza kichwa kati ya mizizi na kutazama juu, ukaona mwanga mahali palipokuwa na shina la mti mwingine. Matunda yake yakiiva, msitu mzima unakuja kula pale: hondohondo, shorobo, kima, na usiku popo.

Ukikutana na siafu, simama kando, chomeka suruali ndani ya soksi, na utulie. Msafara wa siafu ukipita, panzi, buibui na mende wanakimbia mbele yake, na kuna ndege wa Kakamega ambao kazi yao ni kufuata misafara hiyo na kudaka wanaokimbia. Dakika kumi mahali hapo utaona ndege wadogo wa vichakani ambao kwa kawaida unawasikia tu.

Mashina ya mwiritsa utayaona yana makovu. Gome lake ni dawa, liliuzwa hadi ng'ambo, na miti mingi ilichunwa ikafa. Mukombero pia umeng'olewa sana porini kwa sababu ya soko lake la mizizi mjini. Mwelekezi mzuri atakuonesha haya bila kuficha, na ninaamini mtoto wa Shinyalu au wa Kisumu anapaswa kuyaona pamoja na uzuri.

Msitu huu una milango miwili tofauti, na hapa watu huchanganyikiwa. Kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu 1985, chini ya Huduma ya Wanyamapori, KWS. Kusini, Isecheno, ni msitu wa serikali chini ya Huduma ya Misitu, KFS. Buyangu ni kimya zaidi, ina kilima chenye mandhari na Mto Isiukhu. Isecheno ina miti mikubwa karibu na njia, waelekezi wa kijijini wanaojua ndege kwa sauti, na kilima cha Lirhanda ambacho ukifika juu kabla ya jua kuchomoza unaona ukungu umelala juu ya msitu na ukingo wa Nandi upande wa mashariki. Kwa mara ya kwanza, ningekupeleka Isecheno.

Tembo hakuna, nyati hakuna. Walitoweka zamani. Kwa mtu anayetaka kutembea kwa miguu na watoto bila hofu hiyo ni faida, ingawa inauma kuwaza msitu huu ulikuwaje walipokuwamo. Nyoka wapo, pamoja na kifutu mkubwa wa msituni ambaye rangi zake zinamficha kabisa kwenye majani makavu. Baki kwenye njia na uvae viatu vinavyofunika vifundo.

Sokoke: macho chini

Kilomita za mraba 420 hivi, na ndio msitu wa asili mkubwa kuliko yote iliyobaki kwa kipande kimoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Ulitangazwa msitu wa serikali mwaka 1943. Ukiwa barabarani unaona ukuta wa miti tu upande wa kushoto unapoelekea Malindi, na huwezi kujua kwamba ndani kuna misitu mitatu iliyopakana. Karibu na barabara ni mchanganyiko wa miti mingi, wenye giza kiasi. Ukiingia ndani unafika kwenye mchanga mweupe wenye miti ya mirihi iliyoachana, mahali pa wazi penye upepo. Halafu udongo unageuka mwekundu ghafla, na unaingia kwenye Cynometra, vichaka vya miti mifupi iliyosongamana.

Nyota wa mahali hapa ni sengi mwenye kiuno cha dhahabu. Ni mnyama mwenye uzito wa nusu kilo hivi, miguu myembamba, pua ndefu inayochezacheza, na nyuma ana doa la manjano linalong'aa hata kivulini. Kutwa nzima anapekua majani makavu kwa pua na kucha akitafuta wadudu. Utamsikia kwanza: kikwaru-kikwaru, kimya, kikwaru tena. Simama. Akikuona ukiwa mbali kidogo, anapiga mkia kwenye majani kumwambia adui kwamba ameonekana, na akikimbia, lile doa la dhahabu ndilo linalokimbia machoni pako. Ngozi iliyo chini ya doa hilo ni nene kuliko ya mahali pengine mwilini, ngao ya kupokea meno ya mwenzake au ya adui. Wanaishi dume na jike katika eneo moja, kila mmoja akilala kwenye kiota chake cha majani. Nje ya Sokoke amebaki katika vipande vichache vya misitu ya pwani ya Kenya, basi.

Wa pili ni bundi wa Sokoke, aliyejulikana kwa wanasayansi katika miaka ya 1960. Ana urefu wa sentimita 16 au 17 hivi, na kuna wa kijivu na wa rangi ya kutu. Anaishi kwenye Cynometra, na mchana analala tawini karibu na usawa wa kichwa chako. Peke yako hutampata, uwe na darubini ya aina gani. Waelekezi wa Gede, mji ulio ukingoni mwa msitu, wanajua wanakolala, na wataingia vichakani wakuache umesimama njiani, kisha waite kwa ishara. Unainama, unapita kwenye miiba, na pale, hatua chache kutoka usoni pako, wako wawili wamegusana mabega, macho nusu wamefumba. Kwangu mimi hiyo ni thawabu kubwa kuliko kundi la nyati.

Mnana wa Clarke, ndege mweusi na manjano, haishi popote duniani nje ya Kaunti ya Kilifi. Kuna pia paa nunga, ambaye ni adimu kiasi kwamba kumwona ni bahati. Tembo wapo, na kwa sababu hiyo hapa huingii bila mwelekezi.

Kuna jambo la Sokoke ambalo sisi wa magharibi tunapaswa kulijua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakulima wengi waliopakana na msitu walitaka ukatwe wagawiwe ardhi. Tembo na nyani walikuwa wanakula mashamba yao, na msitu haukuwapa kitu. Mwaka 1993 ukaanza mradi wa Kipepeo pale Gede. Wakulima wananasa vipepeo majike msituni, wanafuga viwavi nyumbani kwa majani ya miti ya msitu, na viwavi wakishageuka pupa (hatua ya mwisho kabla ya kuwa kipepeo) wanauzwa, wanasafirishwa kwenda kwenye nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Mfugaji sasa anahitaji ule msitu ubaki, kwa sababu ndiko mbegu yake inakotoka. Nyumba yao ya vipepeo iko ndani ya uwanja wa magofu ya Gede, mji wa kale wa Waswahili ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, kwa hiyo unaona yote mawili kwa asubuhi moja. Kwa nguvu zilizobaki jioni, nenda Mida Creek, hori ya bahari iliyo karibu, ukatazame ndege wa maji wakija kwenye mikoko maji yakipwa.

Shimba, kwa ufupi

Shimba ndiyo rahisi kuliko zote kwa mwenye gari na watoto. Ni hifadhi ya taifa tangu 1968, vipande vya msitu vilivyochanganyika na nyasi, na ndipo mahali pekee Kenya penye palahala, swala mkubwa, porini: dume mweusi, tumbo jeupe, pembe zilizopinda kwenda nyuma. Tembo ni wengi. Mwaka 2005 KWS ililazimika kuwahamisha baadhi yao kwenda Tsavo Mashariki kwa sababu ya msongamano. Kuna maporomoko ya Sheldrick, ya mita zaidi ya 20, unashuka kwa miguu ukiwa na askari wa hifadhi, na kurudi ni kupanda mlima, jambo la kuzingatia ukiwa na bibi mzee. Jirani yake ni Mwaluganje, ambako wakulima walitoa ardhi yao iwe njia ya tembo na wanagawana mapato.

Kwa msitu wenyewe, hata hivyo, Shimba inakupa kidogo ukiwa ndani ya gari. Miti unaipita. Ukiwa upande huo na unataka kuingia chini ya miti, nenda Kaya Kinondo karibu na Diani, mojawapo ya makaya, misitu mitakatifu ya Mijikenda, yaliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2008. Ni kipande kidogo. Unafungwa kaniki kiunoni, unavua kofia, huokoti hata jani, na unapokea maelezo kutoka kwa mtu ambaye msitu ule ni wa wazee wake.

Njia na mfuko

Kwa Kakamega hesabu ni nyepesi. Matatu kutoka Kisumu hadi mjini Kakamega ni kilomita 50 hivi. Wa Isecheno anapitia Khayega na Shinyalu, anamalizia kwa boda. Wa Buyangu anapanda gari la Webuye kutoka Kakamega, mwendo wa kilomita 20 hivi, kisha boda. Unaweza kuondoka Ijumaa jioni ukarudi Jumapili ukiwa bado na pesa za wiki.

Pwani ni safari. Basi la usiku kutoka Kisumu linachosha. Wengi hukata njia Nairobi wakalala, kisha wakapanda treni ya SGR hadi Miritini. Kutoka Mombasa, Gede ni kilomita 100 hivi kwa matatu za Malindi, na ofisi za msitu ziko karibu na barabara kuu. Kwale unafika kwa feri ya Likoni au kwa kuzunguka barabara ya Dongo Kundu. Kwa hiyo ukisafiri kwa ajili ya msitu peke yake, Sokoke itakugharimu mara kadhaa ya Kakamega. Ndiyo maana nasema iunganishe na safari ambayo ungeenda hata hivyo: harusi, semina, likizo ya ufuo.

Popote penye KWS, malipo ya kiingilio hupitia eCitizen, kwa hiyo fungua akaunti na ulipe mapema ukiwa na mtandao. Mwelekezi unamlipa kando. Usimkimbie ili kuokoa hela. Kakamega bila mwelekezi unaona miti, na Sokoke bila mwelekezi huoni kitu.

Mwezi gani

Kakamega, Desemba hadi Februari njia ni kavu na nguo zinakauka. Machi hadi Mei mvua hushuka karibu kila alasiri, kwa radi, na udongo unateleza. Lakini asubuhi zake ni safi na msitu uko hai. Beba gambuti, sweta la usiku na tochi, kwa sababu matembezi ya usiku ndiyo yanayokupa poto, mnyama wa jamii ya komba atambaaye polepole sana kwenye matawi, macho yake yakirudisha mwanga.

Pwani, epuka Aprili hadi Juni ikiwa huna gari la kuhimili matope. Januari na Februari ni joto, lakini ndege wahamiaji kutoka kaskazini wapo na vichaka havina majani mengi ya kuzuia macho. Anza saa kumi na mbili kamili. Ikifika saa nne Sokoke hulala, na wewe pia unapaswa kuwa kivulini.

Mwenye watoto chini ya miaka minane: Isecheno au Shimba, usiwapeleke Sokoke kwenye kusimama kimya kwa saa mbili. Wazazi wenye magoti mabaya: Buyangu, njia za bondeni bila kupanda kilima. Kijana anayeanza kupenda ndege: Kakamega mara mbili kwanza, majira tofauti, ajifunze kusikia, halafu akusanye nauli ya Gede. Na wewe ambaye tiketi yako ya Desemba ya Malindi imeshakatwa, piga simu kwa waelekezi wa Gede wiki moja kabla ya kuondoka, uwaambie unataka kuwaona bundi. Wao watahitaji muda wa kutafuta wamehamia tawi gani.